Kila Chupa Huonjwa na Aliyeileta

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa macho haya mawili yaliyobaki na nuru kidogo: sikutia chumvi, sikutia pilipili, wala sikutia maji. Kama kuna neno hapa nimelibuni, radi iache kazi zake zote ije inipige nikiwa nimesimama juani. Munyiva mwenyewe yu hai. Nyumba yake iko nyuma ya vibanda vya wachongaji pale Wamunyu, na asiyesadiki aende akamuulize. Ila asiseme nani kamtuma.

Basi Munyiva alikuwa mjane. Mumewe alimwachia vitu viwili vya maana: binti mmoja, Nzilani, na mizinga ya nyuki iliyoning'inia kwenye migunga ya shamba. Binti akampeleka mjini Machakos kujifunza ushonaji. Nyuki akawafunza mwenyewe. Uki wake, pombe ile yetu ya asali, ulikuwa na sifa zilizovuka mto bila daraja. Kuna mzee wa Masii aliyeonja nzele moja tu, yaani nusu kibuyu, kikombe chetu cha heshima, na papo hapo akakumbuka jina la mtu aliyemwibia mbuzi wakiwa wavulana. Wakaenda kumdai, na mbuzi akalipwa.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimeondoka na barabara zetu zote, lakini zilituachia maua kila kichaka, na nyuki wa Munyiva walinenepa hadi wakawa wanatua kwa kishindo. Ndipo Nzilani akaleta habari kwamba kuna kijana, anaitwa Antony, na babake anataka kuja na watu wake kujitambulisha.

Babake aliitwa Reuben. Alitoka Mlolongo, alikokuwa na nyumba za kupangisha na machimbo ya kokoto. Alikuwa mtu wa suti hata akienda kuangalia choo kilichofurika. Alikuja na mkewe Kanini, na wanaume watatu wa kumcheka vichekesho vyake, nao walikuwa hodari sana kwa kazi hiyo.

Munyiva aliwapikia uki wa kukaribisha wageni. Aliulinda kando ya moto kama mtu anavyomlinda mtoto mwenye surua, na siku yenyewe akaumimina kwenye nzele, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, akampa Reuben kwa mikono miwili.

Reuben alipiga funda moja. Akalizungusha shavuni, akafumba jicho, akatema. Halafu, mbele ya wazee, mbele ya majirani, mbele ya binti anayetaka kuolewa, akatembea hadi kwenye jivu la jikoni akamwaga kilichobaki. Akaikung'uta nzele mara mbili, vile mtu hukung'uta kiatu kilichoingia mchanga.

"Mama," akasema, "hii mngewapa punda wa kubeba maji, wangefika haraka. Siku ya ntheo msihangaike. Nitawaletea kitu ya watu."

Wale watatu wakacheka hadi mmoja akashika mbavu.

Munyiva naye alitabasamu. "Karibu tena, Baba Antony," akasema.

Wanaomjua Munyiva waliona tabasamu lile wakatafuta viatu vyao. Marehemu mumewe aliliona mara moja tu katika ndoa yao, akalala kwa dada yake mwezi mzima.

Wageni walipoondoka, Nzilani alimfuata mamake jikoni. "Mama, tafadhali. Usianze."

"Kuanza? Yeye ndiye ameanza. Mimi ni mtu wa kumaliza."

"Nampenda Antony, mama."

"Mpende. Antony hajamwaga kitu yangu." Akatazama lile jivu lililolowa, asali yake ya msimu mzima imegeuka tope la kuchezewa na kuku. "Huyo baba yake atakunywa, Nzilani. Mbele ya watu haohao. Atakunywa mpaka aombe ardhi imfiche."

Lengo likawa hilo, hakuwa na jingine. Alilala nalo, akaamka nalo, akachambua mbaazi nalo.

Ntheo, kwa asiyejua, ni wale mbuzi ambao upande wa mvulana huleta ili msichana ahesabike ameolewa. Bila ntheo, hata wakizaa watoto kumi, kwetu huyo ni mgeni tu aliyekawia kurudi kwao. Na mbuzi hawaji peke yao. Lazima uki uje mbele yao.

Sasa Antony alimwambia Nzilani, na Nzilani kwa bahati mbaya akamwambia mamake, kwamba Reuben hataleta uki. Kulikuwa na Mfaransa mmoja aliyekuja kutengeneza mashine ya kusaga mawe kule Mlolongo. Jamaa huyo kwao ni wakulima wa mizabibu; babu alipanda, baba akapalilia, ndugu zake wakawa wanakamua. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia Reuben katoni mbili za mvinyo mwekundu, chupa ishirini na nne. Reuben alizifungia kwenye kabati la chumbani na ufunguo akautia soksini.

"Anasema hiyo ndiyo itakuja kwa ntheo," Nzilani akasema. "Anasema ni ya wafalme."

Munyiva aliacha kuchambua mbaazi. "Chupa ishirini na nne?"

"Mama, mbona unatabasamu hivyo?"

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mulonzya, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa upande wa msichana. Mulonzya alikuwa mchongaji wa twiga, na hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko faini, kwa sababu faini zote za Ukambani huishia kuliwa, na yeye alikuwa na meno yake yote. Alikuwa ameketi kwenye gogo akichonga sikio la twiga kwa kisu.

"Shemeji," Munyiva akasema, "uki ikiletwa na athoni, hao wakwe, ni nani huonja kwanza?"

"Aliyeileta. Unaniuliza kitu ya watoto? Mkwe akileta kibuyu, anakunywa yeye kwanza, tuone kama ataanguka."

"Na akileta vibuyu viwili?"

"Anaonja viwili. Sumu haiwezi kukuambia iko kibuyu gani."

"Na nzele yake anaweza kuacha nusu?"

"Aache nusu mbele ya athoni? Hiyo ni kusema uki ni mbaya na yeye ndiye ameileta! Anamaliza."

"Na akileta vibuyu ishirini na nne?"

Mulonzya akasimamisha kisu. "Mwanamke, nani huleta vibuyu ishirini na nne?"

"Vya glasi," Munyiva akasema.

Yule mzee alimtazama. Halafu kicheko kikaanza mbali, kama lori linalopanda mlima, kikapanda, kikapanda, na kilipofika kisu kikateleza na sikio la twiga likaruka hadi ng'ambo ya barabara. Twiga yule aliuzwa hivyohivyo, sikio moja, kwa mtalii aliyedhani ndiyo mtindo.

Munyiva alirudi nyumbani akapanga nzele zake zote juani. Ya wageni akaiweka kando, ni ndogo. Ya wazee akaiweka kando pia. Akachukua ile aliyokuwa akipimia mahindi.

Ntheo ilikuwa Desemba. Reuben alikuja na pikapu ya mbuzi na Peugeot mbili za watu. Suti ilikuwa mpya, rangi ya maziwa. Katoni zilishushwa kabla ya mbuzi na kuwekwa mezani, chini ya turubai, na yeye akasimama karibu nazo na mkono mmoja juu yake, kama mtu anayepigwa picha na mtoto aliyefuzu mtihani.

Mulonzya akasafisha koo. "Athoni, mmefika. Mbuzi tunawasikia. Lakini mbuzi hutanguliwa na uki, na mimi sioni kibuyu."

Hilo ndilo neno Reuben alilokuwa akilingoja. "Wazee wangu, nyakati zimebadilika. Mimi siwezi kuleta kwa wakwe kitu ya kufukiwa kwa mavi ya ng'ombe ndiyo ichachuke. Hii hapa ni waini kutoka Ufaransa. Shamba ya familia moja tu, baba na watoto wake, hakuna kampuni. Hao Wafaransa ndio wamechukua Kombe la Dunia juzi. Mnafikiri walikuwa wanakunywa asali?"

Wale watatu wakacheka. Akainua chupa moja. Karatasi yake ilichorwa nyumba ya mawe na vishada vya zabibu, na jina refu la ukoo ule chini yake.

"Basi uki ni hiyo?" Mulonzya akauliza, polepole, ili kila mtu asikie. "Unasema mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo inasimama mahali pa uki?"

"Inasimama na kuzidi!"

"Vizuri. Mama Nzilani, lete nzele."

Munyiva akaileta. Watu waliiona, na mnong'ono ukapita chini ya turubai kama panya kwenye nyasi.

Mshituko wa kwanza ulikuwa vizibo. Kibuyu chetu hufungwa kwa gunzi la mahindi na hata mtoto hulitoa. Hizi chupa zilikuwa zimefungwa kama siri ya serikali, na Reuben hakuwa amebeba chombo cha kuzifungulia. Lakini Wamunyu ni mji wa mafundi. Mulonzya alitoa skrubu na koleo, akabana chupa katikati ya magoti, na kizibo kikatoka kikipiga mlio uliowafanya mbuzi wote wageuke. Harufu ikatoka. Munyiva aliinusa kwa pembeni, na kwa haki yake, haikuwa mbaya. Ilinukia matunda ya porini yaliyosahaulika sufuriani.

Akaimimina ile chupa kwenye nzele. Ikaingia yote na nafasi ikabaki.

"Aliyeleta huonja," Mulonzya akasema.

"Hilo najua," Reuben akasema kwa fahari. Akainua, akanywa, akamaliza, akafuta sharubu. "Mnaona? Hakuna sumu. Sasa gaweni."

"Hiyo chupa tumeiona," Mulonzya akasema. Akabana ya pili magotini. "Sasa hii."

"Hii ni sawa na ile, mzee."

"Ndiyo. Lakini ni kibuyu kingine."

Reuben akacheka. Akawatazama wazee wa upande wa msichana. Hakuna aliyecheka. Akawatazama wale watatu wake. Nao, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, hawakujua kama hiki ni kichekesho. Akanywa ya pili.

Ya tatu aliinywa akiwa amefungua kifungo cha koti. Ya nne aliinywa akiwa ameketi. Na kumbuka jambo moja ambalo Munyiva alilikumbuka tangu alfajiri: chakula cha ntheo hakipakuliwi kabla ya uki kuisha kuonjwa. Nyama ilikuwa jikoni ikinukia, na tumbo la Reuben lilikuwa tupu kama kanisa Jumatatu.

Kanini, mkewe, akainama mbele kidogo. "Wazee, si Antony amsaidie baba yake kuonja?"

"Mvulana hanywi nyumbani kwa kina msichana," Mulonzya akasema bila kugeuka. "Au Mlolongo ananywa?"

"Basi mmoja wa hawa rafiki zake."

"Hao ndio wameleta? Tulisikia ni yeye. Alisema mwenyewe."

Munyiva alimimina. Alimimina kwa mikono miwili, ameinama kwa adabu, mtandio wake umekaa sawa, na kila mara alisema, "Karibu, Baba Antony." Na kila mara sauti yake ilikuwa tamu zaidi. Moyoni mwake alikuwa akiiona nzele yake ikikung'utwa juu ya jivu, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila funda lililoshuka kooni kwa Reuben lilimpoza mahali fulani palipokuwa pakiungua tangu mwezi wa tisa.

Chupa ya sita ikapita. Kwenye ya saba Reuben alianza kuimba wimbo wa shule. Kwenye ya nane alilia kidogo kwa ajili ya mjomba aliyekufa kabla ya uhuru. Kwenye ya tisa, haki ya Mungu, ndevu zake zilianza kubadilika rangi zikawa za zambarau, na nzi aliyetua juu yake akaanguka chali, akabaki akipiga makasia hewani.

Ndipo kweli ikamtoka bila kuulizwa.

"Mnajua nini?" akasema, akimshika Mulonzya bega. "Mnajua yule Mzungu aliniambia nini? Aliniambia, Reuben, hii si ya sherehe. Hii ni ya kila siku! Mama yangu huiweka mezani mchana na supu na mkate. Wale watu wa kuchuma zabibu ndio hunywa. Bei yake ni kama ya... ya..." Akatafuta neno hewani. "Ya soda na maandazi!"

Akacheka peke yake. Kanini alijifunika uso kwa leso. Wale watatu walikuwa wanatazama viatu.

"Kwa hivyo," Mulonzya akasema, "umewaletea wakwe zako chai ya vibarua."

"Nzuri lakini!" Reuben akasema. "Nzuri sana! Lakini si kama ile..." Akageuza kichwa, akamtafuta Munyiva, akamwona wawili, akachagua mmoja. "Mama Nzilani. Ile yako. Ile ya siku ile. Ilikuwa..."

Munyiva alisimama na chupa mkononi. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja. Sema, mwanaume. Sema mbele yao.

"Ilikuwa..." Reuben akasema, akainuka. "Ngoja. Niende haja."

Akaenda. Lakini choo kilikuwa kushoto naye alienda kulia, akaingia nyumbani. Walingoja. Mulonzya akamtuma mtu. Mtu akarudi ameziba mdomo kwa kiganja, macho yametoka kama ya kinyonga.

Reuben alikuwa amelala kitandani mwa Munyiva. Na viatu. Akikoroma.

Sasa niwaeleze wageni wa mambo haya. Kwetu mkwe hachezewi. Baba wa mvulana na mama wa msichana hawashikani mikono hovyo, hawaketi kiti kimoja, na mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani humpisha. Kitanda cha mkwe! Afadhali angelala madhabahuni. Kelele iliyopigwa siku ile ilisikika hadi Kyumbi, na watu wa njia panda kule wakafunga maduka wakidhani ni wezi.

Mulonzya alisubiri kelele ziishe. Alikuwa na furaha ambayo mtu hupata mara moja maishani. "Ntheo haiwezi kuliwa leo," akatangaza. "Mbuzi warudi. Huyu atalipa beberu la kutakasa kitanda. Na ataleta uki, ile ya asali, iliyopikwa na mkono wake mwenyewe. Mkono wake. Siyo ya kununua."

Sheria hiyo ilikuwa ya zamani kama Milima ya Mua, au Mulonzya aliitunga pale pale. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Munyiva aliona wakimbeba Reuben kwenye Peugeot, suti ya maziwa imekuwa ramani ya madoa mekundu, na moyo wake ukaimba. Uliimba hadi alipofika nyuma ya jikoni akamkuta Nzilani amekaa juu ya kinu, nguo aliyoishona mwenyewe kwa mwezi mzima imekunjamana, anawasikiliza mbuzi wake wakipakiwa tena kwenye pikapu.

"Umefurahi, mama?"

"Ni yeye alijilevya."

"Kisasi ni chako," Nzilani akasema, "lakini umekipika kwa kuni zangu."

Munyiva alisimama pale hadi vumbi la magari likatua. Lakini hakutubu, sitawadanganya. Moto ulikuwa bado unawaka, na Reuben alikuwa bado hajalimaliza lile neno.

Wiki iliyofuata Reuben alirudi, peke yake, bila suti. Hakuna mtu Mlolongo aliyejua kupika uki, na mpishi bora alikuwa yuleyule aliyelaliwa kitanda. Alisimama getini na kofia mkononi.

"Mama Nzilani. Nimekuja kufunzwa."

"Panda mti," Munyiva akasema.

Alimpandisha mgunga kuvuna asali mchana, nyuki wakiwa macho na wenye maoni. Aliposhuka uso ulikuwa umevimba kama fenesi, na hadi Krismasi watu walimjua kwa sauti tu. Alimchotesha maji mtoni. Alimkaushisha matunda ya mwatine, mti wetu wa kuchachushia uki, akamkalisha kando ya moto kugeuza kibuyu kisipate baridi. Mtu wa nyumba za kupangisha, magotini, anapuliza kuni!

Uki wa kwanza ulipokuwa tayari, akauleta mbele ya watu. Munyiva akapokea nzele, akapiga funda moja, akalizungusha shavuni, akatema. Akaenda hadi kwenye jivu, akamwaga. Akakung'uta mara mbili.

"Bado," akasema.

Reuben akapika tena. Munyiva akamwaga tena. Reuben akapika mara ya tatu, Munyiva akamwaga, na jivu lile likaanza kutoa povu, kuku wakalidonoa, wakalewa, wakataga mayai yaliyonuka asali kwa miezi mitatu. Mara ya saba Reuben akapiga magoti katika tope lile, amevaa suti ileile ya maziwa na madoa yake, akalia kama ndama na kusema...

Nilikuwa nimefika hapo. Nilikuwa nikiwasimulia vijana pale kwenye vibanda vya wachongaji, nao wameacha kazi, midomo wazi, na mimi nimeinua mikono juu kuonyesha Reuben alivyolia. Nikaona vijana hawanitazami tena mimi. Wanatazama nyuma yangu.

"Endelea," Munyiva akasema. Alikuwa na mtungi wa maji kichwani na hakuutua. "Alisema nini? Nami nataka kujua."

"Mama Nzilani! Habari za tangu jana?"

"Nilimwaga mara ngapi?"

"Watu husema..."

"Watu ni wewe. Nilimwaga mara ngapi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa na viatu vizuri siku ile.

"Mimi sijawahi kumwaga uki tangu nizaliwe," akasema. "Hata ile iliyoharibika hunywewa au hupewa mimea. Mwenye kumwaga ni yeye. Na wewe umekaa hapa mbele ya watoto wa watu, umenivika tabia ya Reuben."

Mulonzya, mzee sana sasa, alikuwa amekaa kwenye gogo lake. Naye, ambaye huwa hasikii akiitwa kulipa, alisikia kila neno.

"Sasa niwaambie ilivyokuwa," Munyiva akasema, "na huyu asikie. Alipika mara moja tu. Nilikuwa nimeapa kumtesa mwaka mzima, lakini nilikuwa namwona Nzilani akipita bila kula. Ilikuwa chungu ile uki, chungu kama shubiri. Aliichemsha, huyo mjinga, mtu huchemsha uki? Akaleta mbele ya watu wote, wake na wangu. Na nani huonja kwanza?"

"Aliyeleta," vijana wakasema pamoja.

"Akaonja. Nikaona jicho lake. Alijua. Akanipa kwa mikono miwili. Wote walikuwa wananitazama mimi, na jivu lilikuwa pale, hatua mbili. Nikapokea." Akatua mtungi sasa, taratibu. "Nikanywa yote. Sikukunja uso. Nikageuza nzele chini, wakaona hakuna tone. Nikamwambia, asante, Baba Antony, umejitahidi. Ni tamu."

"Halafu?" kijana mmoja akauliza.

"Hakuna halafu. Alitazama lile jivu, akanitazama, akakaa chini kama mtu amekatwa mishipa. Mbuzi waliletwa wiki hiyohiyo. Nzilani ana watoto wanne. Na mpaka leo, miaka yote hii, Reuben akija kwangu hawezi kuacha hata chai chini ya kikombe. Anaifuta kwa kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa kisasi yangu. Nimeitunza vizuri. Na wewe umeniharibia."

Mulonzya akasafisha koo, na nikajua nimekwisha. "Kumvika mjane tabia ya mtu mwingine," akasema, "hiyo ni mbuzi."

"Sheria hiyo ni ya lini?" nikauliza.

"Ya sasa."

Tulikwenda kwangu sote, vijana nyuma wakishangilia kama timu imeshinda. Nilimwonyesha Munyiva beberu langu la kichwa cheusi. Hakulitazama. Akamwendea yule jike mweupe.

"Huyo ana mimba," nikasema.

"Ndiyo maana namtaka."

Mbuzi yule akakataa kuvutwa na mgeni, ikabidi mimi mwenyewe nishike kamba nimpeleke hadi kwa Munyiva, nikipita mbele ya vibanda vyote. Getini nikamkabidhi. Nikaona afadhali nisafishe jina langu kidogo.

"Lakini Mama Nzilani, hayo mengine yote si ni kweli? Kitanda, chupa, nyuki?"

"Hayo ni kweli."

"Na kuku?"

Akanitazama, na lile tabasamu likaanza kumjia polepole.

"Kuku wapi?" akasema.

Nikarudi nyumbani kuleta jogoo.